Antioksidanti na mawimbi ya simu: kinachopimwa ni nini hasa?

Umewahi kumwagiwa haidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda, kwenye kidonda? Povu jeupe huchemka papo hapo. Wengi hudhani ni uchafu unaotoka, kumbe ni oksijeni. Katalesi, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli na damu yako, inaipasua ile dawa iwe maji na oksijeni.

Katalesi haikuwekwa mwilini kungoja dawa ya dukani. Seli zetu wenyewe hutengeneza peroksaidi kila dakika: mitokondria zinapogeuza chakula kuwa nguvu, huvujisha molekuli kali za oksijeni ambazo zikiachwa huru huharibu mafuta, protini na vinasaba. Vitu vinavyozituliza ndivyo huitwa antioksidanti. Kimeng'enya SOD, kilichoelezwa na wanasayansi McCord na Fridovich mwaka 1969, hugeuza superoksidi, mojawapo ya molekuli hizo kali, kuwa peroksaidi. Katalesi na glutathioni, molekuli ndogo ya kinga ndani ya seli, humalizia kazi. Vitamini C na E huongezea nguvu. Molekuli kali zikiizidi kinga hiyo, hali hiyo ndiyo msongo wa oksidi. Si kwamba molekuli hizo ni adui tupu, kwani seli nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.

Mawimbi ya redio yanaingiaje hapa? Fotoni, yaani kifurushi kimoja cha nishati, ya wimbi la megahezi 900, linalotumiwa na simu, ina nishati ndogo takriban mara milioni moja kuliko inayohitajika kuvunja kifungo cha kemikali. Kwa hiyo mawimbi hayo hayatendi kama eksirei, ambayo huweza kuvunja vifungo hivyo. Athari yake iliyothibitika ni kupasha tishu joto, na ndiyo msingi wa kikomo cha kimataifa kwa kichwa: wati 2 kwa kila kilo ya tishu.

Swali linalobaki ni kama kuna athari hata pale joto lisipopanda. Watafiti huweka panya karibu na antena kwa siku au wiki kadhaa, kisha hupima SOD, katalesi na glutathioni kwenye ubongo, ini au korodani, pamoja na malondialdehaidi, masalia ya mafuta yaliyoharibiwa. Tafiti nyingi zimeripoti mabadiliko. Ugumu ni kuyasoma. Katalesi ikishuka, huenda kinga imezidiwa. Ikipanda, huenda mwili umejibu shambulio vizuri. Namba peke yake haisemi kwamba panya ameumia.

Tena panya akibanwa ndani ya kasha dogo anapata hofu, na hofu yenyewe inatosha kubadilisha vipimo hivyo hivyo. Ndiyo maana mimi kwanza hutafuta kundi la pili: panya waliobanwa kwenye kasha lile lile, muda ule ule, antena ikiwa imezimwa, na mpimaji asijue yupi ni yupi. Pasipo kundi hilo siwezi kuutegemea utafiti. Mapitio ya tafiti hizi yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, yakachapishwa 2024, yaliupa ushahidi wa msongo wa oksidi uhakika mdogo sana, na ubora wa majaribio ulikuwa sababu kubwa.

Kwa mwenye wasiwasi, kinga yenye nguvu ni kuweka simu mbali na kichwa. Mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu ya kurusha ili iufikie mnara. Ukizungumza kwa spika, simu ikiwa mezani, kichwa hupokea sehemu ndogo tu ya mawimbi hayo.