Je, wajua kwa nini malalamiko ya Mfaransa kuhusu TikTok hupelekwa Dublin?

Mkazi wa Paris anayeona kwamba TikTok imekiuka wajibu wake, kwa mfano kwa kutoweka njia rahisi ya kuripoti maudhui haramu, anaweza kulalamika kwa Arcom, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia utangazaji na mawasiliano ya kidijitali. Arcom huyapima malalamiko hayo, na yanapostahili huyapeleka kwa Coimisiún na Meán, mamlaka kama hiyo ya Ireland. Hii ni kwa sababu Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, humweka mtoa huduma chini ya usimamizi wa nchi yalipo makao yake makuu ya Ulaya, na kampuni za TikTok, Meta na Google zote zimeyaweka Dublin.

Mzigo huo ni mkubwa mno kwa nchi yenye watu milioni 5 hivi. Katika ulinzi wa data binafsi, ambako utaratibu kama huo ulitangulia, mamlaka nyingine ya Ireland, ile ya ulinzi wa data, ililaumiwa kwa miaka kuwa inajikokota, ingawa mwaka 2023 iliitoza Meta faini ya euro bilioni 1.2. Ndiyo maana safari hii majukwaa yenye watumiaji milioni 45 au zaidi kwa mwezi katika Umoja wa Ulaya yamewekwa pia chini ya Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ambayo peke yake husimamia wajibu wao wa kutathmini na kupunguza hatari zinazotokana na huduma zao, na inaweza kuwatoza hadi asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote.

Mamlaka za kitaifa, hata hivyo, hazikuachwa mikono mitupu, na kwa maoni yangu jukumu lao zito zaidi ni lile lisilotajwa sana: kuwafungulia watafiti milango. Mtafiti anayetaka kujua, tuseme, ni video zipi ambazo TikTok huwapendekezea watoto, huomba data zisizo wazi kwa umma, na mamlaka ya Ireland ndiyo humthibitisha na kuiagiza kampuni izitoe. Kampuni ina siku 15 za kuomba agizo lirekebishwe, ikidai kwamba haina data hizo au kwamba kuzitoa kutahatarisha usalama wa huduma au siri zake za kibiashara, lakini ni lazima ipendekeze njia mbadala, na mwenye kuamua ni mamlaka hiyohiyo, nayo ndani ya siku 15.