Rushwa ya ngono chuoni: kwenye kongamano tuongee wazi, ila ushahidi usiishie kwenye grupu

Kila zikifika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, yaani 25 Novemba mpaka 10 Desemba, vyuo vinaandaa makongamano na sisi wa dawati la jinsia, ofisi ya chuo inayopokea malalamiko ya ukatili wa kijinsia, tunaitwa kuongea. Ukumbi unajaa, maswali yanakuwa makali, na iendelee hivyohivyo. Shida inaanza usiku wake kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anarusha jina la mhadhiri na skrinshoti iliyokatwa juu na chini, asubuhi chuo kizima kinayo halafu dawatini hajaja mtu. Malalamiko ya aina hii yamezidi ndo maana naandika.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 kinamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe kazi, cheo, haki au upendeleo wowote. Kudai tu. Nasisitiza maana hakuna kongamano asisimame mtu kusema "kama hajamgusa, kosa liko wapi?" Jamani, kosa limetimia pale alipodai! Na binti alivaaje haimo kabisa kwenye hicho kifungu, tumechoka kulijibu. Vijana wa kiume nao wanalindwa, sheria haikuchagua jinsia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Sasa linganisha na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kumchafua mtu, faini yake HAIPUNGUI milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sisemi hivi kumtisha mwenye malalamiko ya kweli, hapana, huyo tunamhitaji. Namwambia yule anayeungaunga stori ya mwenzake aonekane jasiri.

Likikukuta, usifute meseji hata kama zinakutia kichefuchefu. Skrinshoti ionyeshe namba, tarehe na saa, na simu yenyewe itunze maana picha peke yake inabishaniwa. Andika siku, mahali, maneno aliyotumia, na alichokishikilia, iwe ni alama za test, sup (mtihani wa marudio) au ripoti ya fildi (mafunzo kwa vitendo). Halafu njoo dawatini, au nenda ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au piga namba yao 113, ni bure. Huhitaji barua ya mkuu wa idara wala ruhusa ya serikali ya wanafunzi, sijui hii habari ilianzia wapi. Na usijifanye umekubali ili umrekodi chumbani, mtego unapangwa na maafisa wa TAKUKURU, ukienda peke yako unajiweka hatarini.

Wengi wanaogopa kudisko, yaani kufelishwa mpaka waondolewe chuo, na hofu hiyo naielewa. Kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na dawatini jina lako halitolewi ovyo, ila siwezi kukuahidi kesi itaisha haraka.

Ma-CR (viongozi wa darasa), mwenzenu akikufuata inbox na jambo kama hili, usiliweke kwenye grupu la darasa hata kama umeficha jina, darasa la watu 60 watamjua tu. Msindikize aje, ukae nje umsubiri.