Maadili si urefu wa sketi

Msichana akipanda matatu na sketi fupi, utasikia maadili yameporomoka. Karani akidai "kitu kidogo" kabla ya kusogeza faili, hao hao watakwambia ndivyo ofisi zilivyo. Nimechoka kuhariri makala zinazolitumia neno "maadili" kwa mavazi pekee.

Mavazi, salamu, namna ya kuketi mbele ya wakwe: hiyo ni adabu. Inatofautiana kati ya Eastleigh na Westlands, mitaa miwili ya Nairobi, bila mtu yeyote kudhulumiwa. Maadili yanahusu haki na dhuluma, na mzizi wake wa Kiarabu, unaobeba maana ya haki na usawa, ndio uliotupa pia adili na uadilifu. Maadili ni kipimo. Uadilifu ni sifa ya mtu anayekifikia. Ndiyo maana tunasema mhasibu ni mwadilifu, na kwamba amezingatia maadili ya kazi yake.

Chukua kamati ya zabuni. Mjumbe anagundua shemeji yake ni miongoni mwa walioomba. Anapaswa kuutangaza uhusiano huo bahasha hazijafunguliwa, uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha atoke chumbani mjadala unapoanza. Akinyamaza amekiuka maadili, hata kama shemeji ndiye mwenye bei nafuu kuliko wote na hakuna shilingi iliyoibwa. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza: wanadhani pasipo wizi hapana kosa, kumbe kosa ni mgongano wa maslahi uliofichwa. Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010 imelishughulikia jambo hili waziwazi. Kifungu cha 75 kinamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano huo. Cha 76 kinasema zawadi anayopewa katika hafla ya umma au shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri, isipokuwa sheria imeruhusu vinginevyo. Mavazi hayatajwi popote katika sura hiyo.

Sarufi kwa ufupi: maadili haya yamekiukwa, kamwe si "maadili hii imekiukwa".

Linalonitatiza bado ni "maadili mabaya". Ukishika maana ya mwenendo mwema, kirai hicho kinajipinga. Ukishika maana ya kanuni zinazofuatwa na kundi fulani, kinasimama, maana hata genge lina kanuni zake. Katika habari nakibadilisha kuwa "upotovu wa maadili"; katika uhakiki wa fasihi nakiacha, ingawa kwa shingo upande.