"Jeni Haijapatikana, Basi ni Kujitakia": Dhana Potofu na Ukweli

Kuna sentensi ambayo siku hizi hutamkwa kama jibu la hesabu lililokwisha kusahihishwa: "Wanasayansi walipima DNA za watu karibu nusu milioni, wakakosa jeni ya ushoga, kwa hiyo hakuna urithi hapo, ni mtu kujitakia." Huletwa na wazazi, huletwa na wanafunzi wa uuguzi, na cha kuchosha zaidi, huletwa na madaktari. Ndani yake mna kweli moja tu: hakuna jeni moja inayoamua mtu atavutiwa na nani. Kweli hiyo ndiyo inayofungua mlango, kisha makosa yanaingia nyuma yake bila kuulizwa.

Dhana: utafiti wa 2019 ulithibitisha kwamba hakuna urithi

Ulithibitisha kinyume chake. Utafiti ulichapishwa Agosti 2019 katika jarida la Science, ukiongozwa na Andrea Ganna na wenzake. Walitumia data za watu 477,522: 408,995 kutoka UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, na waliobaki walikuwa wateja wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA, waliokubali kushiriki. Zilijitokeza sehemu tano za DNA zenye uhusiano wa kitakwimu na kuwahi kufanya ngono na mtu wa jinsia moja. Mbili zilionekana wanaume na wanawake walipochanganywa, mbili kwa wanaume peke yao, moja kwa wanawake peke yao. Sehemu tano zimepatikana, na watu wakatoka na habari kwamba hakuna kitu.

Tuichukue moja tuitazame kwa karibu. Kwenye kromosomu ya 11 (kromosomu ni vifungu vinavyobeba DNA), katika eneo lililojaa jeni zinazohusika na kunusa, kuna herufi moja ya DNA ambayo baadhi ya watu wanayo G na wengine T. Kila mtu hupata mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Kati ya wanaume wenye T mbili, 3.6% walisema wamewahi kulala na mwanamume. Kati ya wenye G moja na T moja, 4.0%. Yaani ukiwapanga wanaume 1,000 wa kila kundi, upande mmoja utahesabu 36 na upande wa pili 40. Hiyo ndiyo sura ya jeni katika tabia za binadamu. Husogeza wastani kidogo sana, na kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako haikuambii lolote.

Kwa nini zilionekana tano tu? Kwa sababu kila alama ya DNA inayopimwa ni jaribio jipya la kitakwimu, na majaribio yakifika kama milioni moja, bahati tupu itakupa "matokeo" mengi ya uongo. Ndiyo maana kizingiti huwekwa juu sana: alama haikubaliwi hadi uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama yake uwe chini ya 5 katika milioni 100. Alama dhaifu huzama chini ya kizingiti hicho hata kama ni za kweli. Zote zilipojumlishwa, zenye kuvuka kizingiti na zisizovuka, zilieleza kati ya 8% na 25% ya tofauti baina ya watu. Hesabu iliyolinganisha ndugu na jamaa wa karibu ilitoa takriban 32%. Pengo kati ya namba hizo si siri wala aibu: chipu, yaani kifaa cha maabara cha kusomea DNA, husoma alama zilizoenea kwa watu wengi, ilhali ndugu huchangia hata zile adimu ambazo chipu haizioni.

Kimo kimepita njia hii hii. Tofauti za urefu baina ya watu waliokula vizuri hufuata urithi kwa karibu 80%, na hakuna anayebisha. Lakini uchunguzi wa aina hii ulipoanza kutoa matokeo mwaka 2007, ilionekana alama moja moja, kila moja ikieleza kipande cha sentimita. Ilipofika 2022, kwa kutumia watu milioni 5.4, zilikuwa zimepita 12,000. Hakuna "jeni ya urefu", na hakuna aliyewahi kusema kwa hiyo watu warefu wamejitakia.

Halafu kuna swali ambalo wasomaji wa vichwa vya habari hawaulizi kamwe: utafiti ulipima nini? Haukupima mvuto. Ulipima jibu la swali moja: umewahi au hujawahi? Aliyejaribu mara moja akiwa na miaka 19 aliingia kapu moja na aliyeishi na mwenzi wa jinsia yake miaka 30. Aliyevutiwa maisha yake yote asithubutu aliingia kapu la "hajawahi". Na kuthubutu kulikuwa na gharama: washiriki wa UK Biobank walisajiliwa kati ya 2006 na 2010 wakiwa na miaka 40 hadi 69. Aliyekuwa na miaka 69 mwaka 2006 alikuwa na 30 hivi pale England na Wales zilipoacha kuwafunga wanaume kwa jambo hili, 1967; Scotland ilisubiri hadi 1980. Sehemu ya kilichopimwa, basi, ni ujasiri na nafasi. Tena waliochambuliwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo namba hizo hazibebwi hivi hivi kupelekwa kwa watu wengine.

Ushauri ninaourudia hadi nachoka: kabla ya kusambaza kichwa cha habari cha jenetiki, tafuta mambo matatu. Walipima nini hasa, kwa watu wangapi, na wa asili gani. Habari isiyotaja hata moja kati ya hayo, iache ilipo.

Dhana: "32% maana yake theluthi moja ya hali yangu imetoka kwenye jeni"

Hili ni kosa la upande wa pili, la wanaotaka jeni ziwatetee. Kiwango cha urithi hakimgawi mtu vipande. Kinaeleza tofauti baina ya watu katika kundi fulani, wakati fulani. Chukua vidole vya mkono. Kuwa na vidole vitano ni kazi ya jeni mwanzo hadi mwisho. Lakini katika kundi la watu wazima, wengi wenye vidole pungufu walivipoteza kwa mashine, kisu au ajali. Kwa hiyo kiwango cha urithi cha *tofauti* ya idadi ya vidole kinakaribia sifuri. Aliyeelewa mfano huu hatababaishwa tena na asilimia.

Namba nyingine inayotumiwa vibaya ni ya mapacha. Mwaka 1991 watafiti Michael Bailey na Richard Pillard waliripoti kwamba mapacha wa kufanana wa wanaume mashoga nao walikuwa mashoga kwa 52%, mapacha wasiofanana 22%, na ndugu wa kuasiliwa 11%. Mtu huchukua 52, akatoa 22, akazidisha mara mbili, akatangaza 60%. Hapana. Kanuni ya kuzidisha mara mbili hutumia uwiano wa kitakwimu baina ya pacha na pacha, ambapo 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa. Mathalani, uwiano ukiwa 0.6 kwa wa kufanana na 0.4 kwa wasiofanana, tofauti ni 0.2, na makadirio ya urithi ni 0.4. Asilimia ya "wote wawili wanayo" ni kitu kingine, hupanda na kushuka kulingana na jinsi hali yenyewe ilivyo adimu na jinsi mapacha walivyopatikana. Washiriki wa 1991 walipatikana kwa matangazo katika magazeti ya mashoga, na pacha ambaye nduguye naye ni shoga huitikia tangazo la namna hiyo kwa urahisi zaidi. Bailey mwenyewe aliporudia mwaka 2000 kwa kutumia daftari la mapacha la Australia, namba ya mapacha wa kufanana ilishuka hadi kama 20% kwa wanaume na 24% kwa wanawake.

Dhana: kisicho cha jeni ni cha malezi

Neno "mazingira" limeponza watu wengi. Katika hesabu za mapacha yako mazingira ya aina mbili. Ya pamoja ni yale yanayowafanya ndugu wafanane: nyumba, wazazi, dini, shule. Ya mtu binafsi ni kila kinachobaki baada ya hapo: nafasi ya kila mmoja tumboni, damu aliyopata kwenye kondo la nyuma, bahati ya seli zilivyojigawa, maradhi, na hata makosa ya kujaza dodoso. Utafiti wa Sweden wa 2010, wenye jozi 3,826 za mapacha, ulikadiria kwa wanaume urithi 34 hadi 39%, mazingira ya pamoja sifuri, na yaliyobaki yote ya mtu binafsi. Kwa wanawake urithi ulikuwa 18 hadi 19%, ya pamoja 16 hadi 17%. Mipaka ya makadirio ni mipana, lakini anayewalaumu mama mpole na baba mkali kwa ushoga wa mwanamume hapati msaada wowote hapo.

Na hapa ndipo "si jeni, basi ni chaguo" inapoanguka kabisa. Tazama mkono wa kushoto. Urithi wake ni karibu robo tu, na ni kawaida kwa mapacha wa kufanana mmoja kutumia kulia na mwingine kushoto. Uchambuzi wa watu zaidi ya milioni 1.7 ulitoa sehemu 41 za DNA zinazohusiana nao, zote dhaifu. Robo tatu zilizobaki si uamuzi wa mtoto. Ni mambo ya ukuaji ambayo hakuna aliyeyapanga, yeye mwenyewe wala wazazi wake.

Dhana: inarithiwa kwa mama, iko kwenye kromosomu X

Hii ni habari ya 1993 iliyogoma kuzeeka. Mwanamume hupata kromosomu X kutoka kwa mama. Mtafiti Dean Hamer alichunguza jozi 40 za ndugu wa kiume, wote wawili mashoga, akakuta 33 wanashiriki alama za eneo la X liitwalo Xq28, ilhali bahati ingetoa kama 20. Eneo si jeni. Pale pana jeni nyingi. Timu nyingine ilijaribu jozi 52 za Kanada mwaka 1999 haikuona kitu. Baadaye uchunguzi wa jozi 409 ukaliona tena eneo hilo, pamoja na jingine kwenye kromosomu ya 8. Ule wa 2019 haukupata alama yoyote ya kuvuka kizingiti kwenye X. Anayekuuzia Xq28 kama jambo lililokwisha amebaki 1993.

Dhana: kama ni jeni, ingekwisha kufa maana hawazai

Ingekuwa jeni moja yenye nguvu, hoja ingekuwa na uzito. Alama dhaifu zilizotawanyika kila mahali hubebwa na kila mtu, wakiwamo wenye watoto saba.

Dhana: homoni zimepungua, apigwe sindano

Testosterone, homoni ya kiume, ya wanaume mashoga waliokomaa haitofautiani na ya wanaume wengine. Kuiongeza huongeza hamu, haigeuzi hamu inaelekea wapi. Anayeipiga bila upungufu uliopimwa hujiletea korodani kusinyaa, mbegu kupungua na damu kuwa nzito.

Dhana: kaka wakubwa humfundisha mdogo ushoga

Idadi ya kaka wakubwa ina uhusiano wa kweli na ushoga wa mwanamume, ila maelezo ndiyo yamepinda. Kila kaka mkubwa huongeza uwezekano kwa takriban theluthi moja: ukianza na 2%, kaka mmoja anakupeleka karibu 2.7, wawili 3.5. Wanaume walio wengi mno wenye kaka wakubwa huvutiwa na wanawake. Mtafiti Anthony Bogaert alionyesha mwaka 2006 kwamba wanaohesabiwa ni kaka wa tumbo moja, hata kama hawakulelewa pamoja. Kaka wa kambo waliokulia chumba kimoja hawahesabiki. Hilo linaelekeza tumboni. Dhana inayochunguzwa ni kwamba mwili wa mama hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za kromosomu Y, ile ya wanaume, moja ikiwa NLGN4Y, na kingamwili huongezeka kadiri anavyobeba mimba za kiume. Sampuli iliyotumika ilikuwa ndogo, kwa hiyo isichukuliwe kama kipimo cha mama mjamzito.

Dhana: kipimo cha DNA kitamaliza ubishi

Wiki chache baada ya utafiti wa 2019 ilitokea programu mtandaoni iliyodai kumpimia mtu mvuto wake kwa faili lake la DNA. Watafiti wenyewe waliipinga. Alama zote za utafiti wao zikijumlishwa kuwa namba moja ya kumtabiria mtu, hueleza chini ya 1% ya tofauti zinapojaribiwa kwa watu wapya. Hakuna kipimo cha aina hii katika orodha ya maabara ya hospitali, kwa mtoto wala kwa mimba, na ushoga wenyewe uliondolewa kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani tarehe 17 Mei 1990. Anayepokea mate yako kwenye kichupa akiahidi jibu anachukua pesa yako na DNA yako. Pesa unaweza kuitafuta nyingine, ila DNA ikishaingia kwenye hifadhi ya mtu, imeingia pamoja na ya ndugu zako wote.