Shairi nalo husimulia

Wanafunzi wengi wa gredi ya 7 na 8 wakiambiwa walinganishe hadithi fupi na shairi huandika hivi: hadithi ina kisa na wahusika, shairi lina hisia na vina. Jibu hilo linapotosha. Utendi wa Tambuka, shairi refu la mwaka 1728, unasimulia vita dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi, kwa beti zaidi ya 1,000. Kisa kimo, wahusika wamo, na bado ni shairi.

Hata shairi lisilo na vita lina mtu anayesema. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, unaanza: "Negema wangu binti / mchachefu wa sanati". Ubeti haujaisha, tayari tunamsikia mama akimwita bintiye amsogelee asikie wosia wake. Hadithi fupi ingeweza kutumia aya nzima kueleza chumba, kitanda na ugonjwa wa mama huyo. Hapa kila kipande kina mizani (silabi) 8 tu, nasi tunaipata sauti yake moja kwa moja.

Kwa hiyo walimu wenzangu, tubadilishe swali. Chukueni mada moja, mathalani wosia wa mzazi, kisha muulize: nani anasema, anamwambia nani, nini kimeachwa? Vina vitajwe pale mwanafunzi anapoonyesha vinafanya kazi gani. Akigundua kwamba utendini binti hajibu, ilhali hadithi ingeweza kumpa maneno yake mwenyewe, mpeni alama zake zote.