Ugonjwa wa Addison: "Si anakunywa vidonge?" na mengine tunayoyasema Bukavu

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Moja ya kazi zake ni kutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu za mwili, hasa mtu anapopatwa na homa au jeraha. Tezi hizo zikiharibika, mtu hukonda, huchoka hata akiwa amelala usiku kucha, hutapika, hutamani chumvi, na ngozi yake huongeza weusi. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na miongoni mwa wagonjwa wake wapo ambao tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Ulaya leo sababu kubwa ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi zenyewe. Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, kifua kikuu hakijatuaga, kwa hiyo sababu ile ya zamani bado ni ya kufikiriwa.

Ni ugonjwa adimu. Huko Ulaya, ambako umehesabiwa vizuri, wagonjwa ni kama 100 hadi 140 katika kila watu milioni moja. Na jambo ambalo wachache wamelishuhudia hujazwa haraka na maneno ya kukisia. Hapa tunayachukua maneno hayo moja moja, hasa yanayogusa hali ya maisha ya mgonjwa anayetumia dawa na namna ya kumuuliza.

"Anakunywa vidonge, basi amepona"

Haidrokotizoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, huokoa maisha. Bila dawa ya namna hiyo mgonjwa hufa. Lakini kuwa hai ni jambo moja, na kuishi siku yako ukaimaliza ni jingine. Tezi yenye afya hutoa kotisoli kwa mwendo maalumu: hupanda kabla hujaamka, hushuka mchana, na usiku wa manane hubaki kidogo sana. Kidonge hakiwezi kuufuata mwendo huo. Mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 kwa siku, akizigawa mara mbili au tatu, na dozi kubwa anaimeza anapoamka. Katikati ya dozi na dozi kuna saa za mwili kulegea.

Mwaka 2002 watafiti wa Norway walichapisha matokeo yao: wagonjwa wa Addison waliokuwa wakitumia dawa kama inavyotakiwa bado walijipa alama za chini kuliko wananchi wenzao kwenye nguvu za mwili na afya kwa jumla. Na hiyo ni Norway, ambako dawa haikosekani kwa sababu barabara imefungwa.

"Damu itasema"

Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, wanapopotea. Kipimo cha kotisoli katika damu husaidia kuugundua ugonjwa. Baada ya hapo, hakuna kipimo cha damu kinachoaminika kusema kama dozi ya haidrokotizoni inamtosha mtu. Munganga, yaani daktari, anaangalia uzito, anapima presha mgonjwa akiwa amelala kisha akiwa amesimama, anatafuta dalili za dawa kuzidi, halafu anamuuliza mgonjwa nguvu zake zikoje. Kuuliza ni sehemu ya kipimo, tena sehemu kubwa.

Shida ni namna tunavyouliza. Chukua mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye soko la Kadutu hapa mjini.

"Mama, habari ya mwili?"

"Muzuri tu, munganga, tunashukuru Mungu."

Kwenye faili panaandikwa: anaendelea vizuri. Nani Bukavu anajibu salamu kwa kusema "vibaya"? Sasa muulize hivi: "Mama, ukitoka soko jioni, unapika mwenyewe au unajilaza kwanza?" Atacheka kidogo: "Siku hizi ni binti yangu anayepika." Jibu hilo lina habari ambayo salamu haikuileta.

Dodoso la hali ya maisha, yaani orodha ya maswali yaliyopangwa, linafanya kazi hiyo kwa utaratibu. Kwa Addison lipo moja lililotungwa mahususi, linaitwa AddiQoL, na toleo lake lililosahihishwa lina maswali 30. Linagusa uchovu, hisia, dalili za ugonjwa wenyewe, pamoja na usingizi, tendo la ndoa na namna mwili unavyohimili maradhi mengine yakipita. Majibu yanageuzwa kuwa alama, na alama zikiwa juu, hali ni nzuri. Anayesema hayo ni "maneno tu" akumbuke kwamba dodoso la aina hii hujaribiwa kabla ya kutumika: je, mtu ambaye hali yake haijabadilika hutoa jibu lilelile wiki chache baadaye? Je, wagonjwa wanapata alama tofauti na wazima?

"Tuchukue la Ulaya, tutafsiri, tumemaliza"

SF-36, dodoso maarufu la afya kwa jumla lenye maswali 36, linauliza kama afya inakuzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Kwa Kadutu swali ni kama unaweza kupanda kilima na bidoni ya lita 20 bila kuitua njiani. Hata hivyo huwezi kubadilisha swali kwa kujiamulia tu, kwa sababu alama zako hazitalinganishwa tena na za wengine. Kazi yenyewe ni ndefu: watu wawili wanatafsiri kila mmoja peke yake, mwingine anarudisha tafsiri katika lugha ya asili, kisha wagonjwa wenyewe wanasomewa na kuulizwa wameelewa nini. Wagonjwa hao wawe wa hapa Bukavu. Kiswahili cha Dar es Salaam si kila mama wa Bagira anayekielewa.

"Alama zimeshuka, ongeza dozi"

Hatari. Haidrokotizoni ikizidi kwa muda mrefu hunenepesha, hupandisha presha na sukari, na hudhoofisha mifupa. Kabla ya kugusa dozi, tafuta kilichoshusha alama. WHOQOL-BREF, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 26, lina sehemu nzima kuhusu mazingira: usalama, pesa, usafiri, kufikia huduma za afya. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafungwa, ni nani angejibu maswali hayo kwa furaha, mgonjwa au mzima? Alama za kipindi kama hicho zinapima mji pamoja na tezi.

Sababu nyingine inafichika zaidi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha ini kuvunja kotisoli. Mgonjwa wa Addison akianza tiba hiyo, dozi iliyokuwa ikimtosha inaweza isimtoshe tena. Huyo kweli huenda akahitaji kuongezewa, lakini kwa uamuzi wa munganga.

"Amerogwa," "ana UKIMWI"

Kukonda na kuongeza weusi huleta maneno hayo haraka, na maneno hayo peke yake hushusha hali ya maisha ya mtu kabla hata hajapimwa. Kwa ngozi yetu, weusi wa Addison hutafutwa kwenye fizi, mistari ya viganja na makovu mapya. Anayepelekwa kwenye maombi, aende na vidonge vyake: kuacha kula na kuacha dawa kwa siku mbili tatu kunaweza kumuua. Akipata homa, dozi huzidishwa mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa. Akitapika vidonge, anahitaji sindano ya haidrokotizoni haraka, miligramu 100 kwa mtu mzima.

"Mume wake atajibu kwa niaba yake"

Ndugu huona vizuri yanayoonekana: kutembea, kula, kwenda kazini. Huzuni, maumivu na uchovu hawayaoni sawasawa. Na swali la tendo la ndoa, mume akiwa amekaa pembeni, au mama mkwe, litapata jibu la heshima tu. Waombeni wakae nje kidogo. Asiyejua kusoma asomewe na mtu asiye wa ukoo, maswali kama yalivyo, bila kumuongezea maelezo. Na pembeni ya karatasi paandikwe saa aliyojibu na saa aliyomeza dozi ya mwisho, ili mara ijayo aulizwe saa hiyohiyo.