Je, soseji ina hatari sawa na sigara?

Mwaka 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika Kundi la 1 la visababishi vya saratani. Tumbaku imo humohumo, basi watu wakahitimisha kuwa hatari ni ileile.

Sivyo. Kundi hilo huonyesha uzito wa ushahidi, si ukubwa wa madhara. Gramu 50 za nyama hiyo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme watu 5 kati ya 100 wangeugua. Wote wakila kiasi hicho kila siku, watakuwa karibu 6. Sigara huzidisha hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi mno.

Hiyo si ruhusa ya kula soseji kila asubuhi. Lakini anayeiacha akabaki na mkate mweupe na soda (nao si wachache) hajajikinga sana, kwa kuwa vyakula hivyo vina nyuzinyuzi kidogo au havina kabisa. Nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa huchachushwa na bakteria wa utumbo, wakatoa butirati, aina ya asidi ya mafuta inayolisha seli za ukuta wa utumbo huo.